Hadubini gani tupeleke nyumbani?



Baadhi ya wenzangu wameniomba nieleze khabari ya hadubini, aina zake na kazi ya kila moja, baada ya yale yaliyotukuta. Basi nitaanza na hayo, maana bila ya hayo maelezo yangu yatakuwa ya darasani tu.

Tulichanga pesa, watu wa kijiji kimoja cha Pemba tulioko huku ughaibuni, tukanunua hadubini kwa ajili ya kituo cha afya cha kwetu. Mmoja wetu aliiona kwenye intaneti, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 2000. Tukafurahi si kidogo. Hospitali kubwa hutumia ya mara 1000, sisi tunapeleka ya mara 2000! Ikafika salama, picha zikapigwa, dua ikasomwa. Baada ya wiki tatu kijana wa maabara akapiga simu, kwa adabu kabisa: "Ami, tunashukuru sana. Mayai ya kichocho tunayaona vizuri. Lakini malaria hatuoni, ami. Tunaona vivuli tu."

Kwa nini chombo cha mara 2000 kishindwe na kazi ambayo cha mara 1000 kinaifanya kila siku? Hilo ndilo swali, na ukilijua jibu lake utakuwa umeshaijua nusu ya khabari ya hadubini.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wetu tumekua tukisema "darubini" kwa kila chombo chenye kioo cha kutazamia, cha nyota, cha nahodha na cha maabara. Darubini ni neno la Kifarsi, dur ni mbali na bin ni kuona, kwa hiyo ni chombo cha kuonea mbali, wala halikai sawa kwa kitu kilichopo chini ya pua yako. Kamusi zetu zina neno hadubini kwa kile cha kuonea vitu vidogo, na ndilo nitakalotumia, ingawa ukienda maabara ya Dar au Mombasa utasikia maikroskopu. (Na Mwarabu wa Muscat atakwambia mijhar.)

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kukuza ni kitu kimoja, kupambanua ni kitu kingine. Chukua picha ya harusi uliyoipiga kwa simu, umkuze yule mtu wa nyuma kabisa mpaka sura yake ijae kioo. Amekuwa mkubwa, sawa, lakini jicho na pua huvioni, umepata viraka vya rangi tu. Hadubini nayo ni hivyo hivyo. Unaweza kukuza mpaka uchoke, lakini ikiwa lenzi haikuwahi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu, hakuna ukuzaji utakaozitenganisha baadaye. Na mpaka huo haukuwekwa na mafundi, umewekwa na mwanga wenyewe. Mjerumani Ernst Abbe, akiwa Jena, aliuandika mwaka 1873: chukua urefu wa wimbi la mwanga, ugawe kwa mara mbili ya namba inayoonesha lenzi inaukusanya mwanga kwa upana gani. Namba hiyo imechongwa ubavuni mwa lenzi, karibu na namba ya ukuzaji. Lenzi nzuri ya mara 100 huwa na 1.25. Mwanga wa kijani una wimbi la nanomita 550 hivi, kwa hiyo hesabu inatoka nanomita 220, yaani kama sehemu moja ya tano ya elfu ya milimita. Hapo ndipo mwisho, uwe na pesa za mfalme au za mvuvi.

Hadubini yetu je? Nilimwambia kijana anisomee maandishi. Lenzi kubwa kabisa ya chini ilikuwa ya mara 40, yenye namba 0.65. Juu, mahali pa jicho, walitia kioo cha mara 25 badala ya 10 ya kawaida, na katikati wakachomeka kioo kingine cha kuzidisha mara 2. Arobaini kwa ishirini na tano kwa mbili, ndiyo hiyo 2000! Uongo hawakusema. Lakini uwezo wa kupambanua ni nanomita 420 hivi, karibu nusu ya ule wa lenzi ya mara 100, na kwa lenzi ya 0.65 ukuzaji ukishapita kama mara 650 hakuna jipya unaloliona. Kinachobaki ni ule ule ukungu, ila mkubwa zaidi.

Mayai ya kichocho ndiyo mepesi kuliko vyote. Yai la kichocho cha mkojo, kile kilichotusumbua Unguja na Pemba tangu enzi za mababu, lina urefu wa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na mwishoni lina mwiba. Mtu mwenye macho mazima karibu angeliona bila ya chombo. Unachuja mkojo, unaweka kwenye kioo, unatumia lenzi ya mara 10 tu, na kwa ukuzaji wa jumla wa mara 100 jawabu unalo. Yule ndugu yake wa matumboni, anayepatikana sana pembezoni mwa Ziwa Victoria, yai lake lina mwiba ubavuni, nalo linaonekana kirahisi hivyo hivyo kwenye choo. Ndiyo maana kijana wetu aliyaona mayai.

Malaria si mchezo. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikroni 7 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kimelea kichanga cha malaria ni kama kipete kilichokaa ndani yake, chenye kidoa kimoja kilichopata rangi. Kidoa hicho hakifiki maikroni moja. Mtaalamu analazimika kuamua: hiki ni kimelea, au ni tone la rangi ya Giemsa lililoganda, au ni vumbi? Anaamua kwa kuangalia umbo na ukingo, na umbo na ukingo ndivyo vinavyopotea kwenye lenzi dhaifu. Hapa huna budi kutumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta.

Wengi hudhani mafuta yale ni ya kulainisha mashine. Hapana. Mmeshaona kasia likitiwa majini linaonekana kama limevunjika? Ni kwa sababu mwanga unapinda ukitoka kwenye maji kuingia hewani. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda vile vile, na ule wa pembeni hutawanyika usiifikie lenzi. Mafuta haya yametengenezwa yaupinde mwanga sawasawa na kioo, kwa hiyo ukijaza tone baina ya kioo na lenzi ni kama hewa haipo, na mwanga wa pembeni unaingia wote. Kwenye hewa tupu hakuna lenzi inayofika hiyo namba 1.25. Ukiitumia lenzi ya mafuta bila ya mafuta utaona vivuli, kama alivyosema kijana wetu.

Mpimaji mzuri hutengeneza damu aina mbili kwenye kioo: nene, ili asikose vimelea vichache, na nyembamba, ili ajue ni aina gani ya malaria. Kwenye ile nene anahesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200, kisha anakisia wingi wao kwa kila mikrolita ya damu. Kabla ya kusema "hakuna" anatakiwa apitie sehemu 100 za kioo. Wallahi, hiyo ni kazi. Mtu aliyepangiwa vioo sitini kwa siku hawezi kuipa kila kimoja haki yake, na makosa mengi tunayoyalaumu kwa "maabara zetu" yanatoka hapo, si ujinga.

Mtu atauliza, sasa hivi si vipo vile vipimo vya haraka vya kutoboa kidole? Vipo, na vimesaidia mno. Lakini kipimo kinakwambia ndiyo au hapana, hakikwambii vimelea ni vingapi. Na mgonjwa aliyekwisha kupona huweza kuendelea kutoa "ndiyo" kwa wiki kadhaa, maana vingi vya vipimo hivyo vinanusa protini inayobaki damuni. Zaidi ya hapo, Eritrea walikuta vimelea visivyoitoa kabisa ile protini, wagonjwa wakapita bila ya kuonekana, ikabidi nchi ibadilishe kipimo mwaka 2016. Hadubini haidanganyiki kwa njia hiyo. Kwa hiyo kituo cha afya chenye hadubini nzuri na mtu anayeijua bado kiko mbele.

Aliyeviona vimelea hivi mara ya kwanza alikuwa Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, akiwa Constantine nchini Algeria, mwaka 1880. Aliviona kwenye damu mbichi isiyotiwa rangi, vikicheza. Miaka miwili baadaye Robert Koch akatangaza bakteria wa kifua kikuu. Wote wawili kwa hadubini za mwanga ambazo mtu wa leo angeziweka kabatini kama pambo. (Wapo ndugu zetu wanaopenda kusema kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyebuni hadubini. Yule mzee alifanya kubwa zaidi, aliweka elimu ya mwanga na kuona juu ya msingi wake miaka elfu iliyopita. Lakini hadubini hakuitengeneza, na hana haja ya kuongezewa.)

Kwenye kifua kikuu ndipo ilipoingia aina ya pili, hadubini ya kung'arisha. Makohozi yanatiwa rangi ambayo ikipigwa na mwanga wa buluu inawaka. Bakteria wanaonekana kama vijiti vya manjano kwenye usiku wa giza, na kwa sababu wanawaka huhitaji kukuza sana, kwa hiyo kila mtazamo mmoja unafunika eneo kubwa na kioo kinamalizika upesi. Zamani zilihitaji taa za zebaki, ghali na za hatari, zikahitaji na chumba cha giza. Taa za LED zikaigeuza khabari, na mwaka 2011 WHO ikashauri hizi zichukue nafasi ya njia ya zamani. Siku hizi mashine za kupima vinasaba ndizo zinazopendekezwa kuanza nazo, lakini kwa kufuatilia kama dawa inafanya kazi, bado makohozi hutazamwa. Na kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi. Panya akisema "hapa pana kitu", anayethibitisha ni binadamu mwenye hadubini ya kung'arisha. Sijui kazi gani nyingine panya na profesa wanagawana sawa namna hiyo.

Kuna ya giza, ambayo ni hadubini ile ile ya mwanga ila kitako chake kimezibwa katikati, mwanga unaingia kwa pembeni tu. Utaona kiza, na ndani ya kiza vitu vinang'aa kama vumbi kwenye mwali wa jua dirishani. Hiyo ni ya bakteria wembamba waliojisokota kama skrubu: wa kaswende, na wa homa ya papasi. Homa hii ya papasi wazee wetu wa bara wanaijua vizuri, ndiyo iliyomuua Joseph Dutton, Muingereza aliyekuwa akiichunguza Kongo mwaka 1905. Jina lake limebaki kwenye bakteria huyo mpaka leo.

Ya Mholanzi Frits Zernike, iliyompa Nobel mwaka 1953, inageuza tofauti ndogo za unene wa seli kuwa tofauti za mwanga na kivuli, kwa hiyo unaona seli iliyo hai bila ya kuitia rangi (maana rangi nyingi zinaiua). Wanaofuga seli kwenye vichupa, pamoja na wale wanaosaidia wanandoa kupata watoto kwa njia ya maabara, hutumia ya namna hii, mara nyingi iliyopinduliwa, lenzi chini na kitu juu.

Wanajiolojia wanayo yao ya mwanga uliochujwa uelekee upande mmoja. Jiwe linasagwa mpaka unene wa milimita 0.03 na madini ndani yake yanatoa rangi za ajabu.

Ile ya macho mawili ya kutazama mdudu mzima, ukuzaji mara 10 mpaka 40 hivi, isidharauliwe. Daktari anayemtoa mgonjwa mtoto wa jicho anafanya kazi chini ya aina hiyo. Anayechunguza mbu anaitumia kutenga Anopheles na mbu wengine. Lakini hapa pana mtego: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis wanafanana kabisa, mmoja anapenda damu ya watu na kulala ndani, mwingine anakwenda hata kwa ng'ombe na kukaa nje, na hakuna hadubini itakayokwambia yupi ni yupi. Lazima DNA.

Vipi tukitaka kuona virusi? Hapo mwanga unakwisha kazi. Kirusi cha ukimwi ni kama nanomita 100, nusu ya kile mwanga unachoweza kupambanua. Ernst Ruska na Max Knoll, Berlin mwaka 1931, waliacha mwanga wakatumia elektroni, na badala ya vioo wakaweka sumaku za umeme kuzikusanya. Wimbi la elektroni ni dogo kuliko la mwanga mara zaidi ya laki moja, kwa hiyo mpaka wa Abbe unasogea mbali sana. Bei yake ni kwamba kitu lazima kikae mahali pasipo na hewa kabisa, kikatwe chembamba kuliko sehemu moja ya kumi ya maikroni, na bila shaka kiwe kimekufa. Ruska alingoja Nobel mpaka 1986.

Thamani yake ilionekana Kongo (wakati ule Zaire) mwaka 1976. Watu walikuwa wakifa Yambuku na hakuna aliyejua ni nini, wengine walidhani homa ya manjano. Damu ikapelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai, na ilipotazamwa kwa hadubini ya elektroni kikaonekana kitu kirefu kilichojikunja kama mnyoo. Kilimfanana Marburg, lakini hakikuwa yeye. Kikaitwa Ebola, jina la mto wa huko.

Kuna ya pili ya elektroni, haipenyezi bali inaparaza juu, na hiyo ndiyo inayotoa zile picha za uso wa mbu au mguu wa nzi zinazotisha watoto. Kitu hupakwa dhahabu nyembamba kwanza. Rangi mnazoziona kwenye picha hizo zimetiwa na kompyuta baadaye, elektroni hazina rangi, basi msidanganyike.

Zipo zisizotazama kabisa, zinapapasa. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, Zurich 1981, walitengeneza sindano yenye ncha ya atomu moja inayopita juu ya kitu bila ya kukigusa, na mkondo mdogo wa umeme unaeleza mabonde na vilima. Kama kipofu na fimbo yake. Hizo zinaonesha atomu moja moja. Na mpaka wa Abbe nao umekuja kuzungukwa kwa ujanja wa kuwasha na kuzima chembe zinazong'ara moja baada ya moja, waliofanya hivyo wakapewa Nobel ya 2014. Yote haya ni mazuri, lakini hayana kazi kwenye kituo cha afya ambacho umeme wake unakwenda na kurudi.

Ninachokifuata zaidi ni vya bei ya chini. Kile cha karatasi cha Manu Prakash wa Stanford, Foldscope, kinakunjwa kama bahasha na kina kijilenzi kimoja tu kinachokuza mara 140. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft aliwaona bakteria katika karne ya 17 kwa lenzi moja iliyokuza mara 270 hivi, kwa hiyo si mchezo wa watoto. Kwa skuli kinafaa sana, kwa kupima malaria hapana. Kingine ni OpenFlexure, iliyoendelezwa kwenye chuo kikuu cha Bath, ambayo mwili wake unachapwa kwa plastiki na mashine, na imetengenezwa na mafundi wa Dar es Salaam wenyewe na kujaribiwa pamoja na taasisi ya Ifakara kwa ajili ya malaria. Hii inaongoza lenzi ya kweli ya mara 100, na kikiharibika kipande unakichapa hapo hapo. Tumezoea kungoja kipuri kutoka Ulaya miezi sita. Hebu fikirini tofauti.

Kwa anayetaka kununua, asome ubavu wa lenzi asisome kasha. Atafute 100 na 1.25 na neno oil. Pete ya rangi itamsaidia: nyekundu ni mara 4, njano 10, buluu 40, nyeupe 100. Pakiandikwa 160 asichanganye na lenzi yenye alama ya namba nane iliyolala, hazikutengenezwa kwa mwili mmoja. Chini ya meza ya kioo lazima pawe na lenzi ya kukusanya mwanga inayopanda na kushuka, yetu haikuwa nayo. Taa iwe ya LED, maana balbu za zamani zikiungua hazipatikani, na iweze kutumia betri. Macho mawili, kwa sababu ya vile vioo sitini. Na kwa hewa yetu ya pwani, ukungu unaota juu ya lenzi ndani ya miezi michache na kuila kabisa. Usiku ihifadhiwe kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka, au kwa vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kufuta ni kwa karatasi yake maalumu, si kwa pembe ya kanga wala shati.

Tumechanga tena, safari hii kwa kusoma ubavu kwanza. Ile ya mara 2000 imekwenda skuli, watoto wanatazama maji ya kisimani na wanafurahi. Mpya imefika mwezi uliopita, na kijana wa maabara amepiga simu: vipete anaviona, alhamdulillah, ila chupa ya mafuta tuliyompelekea ni ndogo na inakaribia kwisha. Anayesafiri karibuni na ana nafasi kwenye mzigo, aseme.

Wassalaam.